Sura ya Tatu: Nyumba Hutangulia, Serikali Hufuata

Mwaka 2012, eneo ambalo leo ni Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, lilikuwa na watu 845,368. Wakati huo lilikuwa bado ndani ya Kinondoni. Sensa ya mwaka 2022 ilipofika, watu wa Ubungo walikuwa 1,086,912, na Kinondoni iliyobaki ilikuwa na 982,328. Katika miaka hiyo kumi Ubungo iliongeza zaidi ya watu 240,000, na Kinondoni zaidi kidogo ya 52,000. Mtoto amempita mzazi kimo kabla hata hajatimiza miaka kumi. Ng'ambo ya bahari, Kigamboni iliyokatwa kutoka Temeke ilikuwa na watu 162,932 mwaka 2012, nayo ikafikisha 317,902 mwaka 2022.

Takwimu hizi zinatueleza kwa nini sura hii inaichagua Ubungo. Tunataka kujua serikali ya manispaa ya pembezoni mwa jiji huundwaje, inaendeshwa na nani, inapata wapi fedha, na kwa nini mara nyingi mkazi haioni pale anapoihitaji. Jibu nitakalolitetea ni hili: katika miji yetu watu hujenga kwanza, serikali ikafuata, na gharama ya kuchelewa huko hulipwa na mkazi mwenyewe kwa miaka mingi.

Kutoka shamba hadi mtaa

Ukitoka Ubungo kwa Barabara ya Morogoro unapita Kimara, Mbezi, Kibamba, hadi mpakani na Mkoa wa Pwani. Kizazi kimoja tu kilichopita, sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo. Goba, Msigani, Kwembe na Saranga nako kulikuwa hivyo hivyo. Mwenye shamba aliuza robo ekari kwa mtumishi aliyechoka kupanga Manzese au Sinza. Mnunuzi akachimba msingi, akaweka mlinzi, akajenga vyumba viwili vya uani kwanza, akahamia. Jirani naye akanunua. Njia ya miguu ikawa njia ya pikipiki, kisha ya gari. Nguzo za umeme zikaja baada ya watu kuandikiana barua na kuchangishana. Maji yakaletwa na maboza.

Hakuna mpima ardhi aliyetangulia. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulifikia ukomo wake mwaka 1999, na kwa miaka mingi iliyofuata jiji lilikua bila mpango mpya uliokamilika. Mradi wa Viwanja 20,000, uliozinduliwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, na ulionyesha kwamba upimaji kabla ya ujenzi unawezekana. Lakini jiji lililokaribia kuongeza watu milioni mbili kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 lilihitaji viwanja vingi kuliko hivyo.

Mabadiliko makubwa zaidi ya pembezoni ni ya kisheria, na wakazi wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Eneo linapokuwa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kusimamia ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti juu ya ugawaji wake. Eneo hilo likitangazwa kuwa sehemu ya mji, kijiji hufutwa na kuwa mtaa mmoja au zaidi. Mtaa hauna mamlaka ya kugawa ardhi. Mamlaka hayo yanahamia kwa maofisa ardhi na maofisa mipango miji, chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mwenyekiti wa mtaa anabaki kuwa shahidi anayewajua majirani na mipaka yao. Mihuri mingi inayogongwa kwenye hati za mauziano huko pembezoni ni ushahidi wa aina hiyo tu. Haithibitishi kwamba kiwanja kimepimwa, wala haizuii ramani ya mipango miji kupitisha barabara juu yake.

Ndiyo maana kazi kubwa ya manispaa changa imekuwa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi ambayo tayari yamejengwa. Kimara na Saranga zilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuingia katika kazi hiyo. Katika urasimishaji wapimaji hukuta nyumba zimebanana, hivyo hulazimika kuwaomba wenye viwanja wakate mita moja au mbili za ukuta ili gari la wagonjwa lipite. Eneo la shule, zahanati au makaburi halipatikani tena, kwa sababu ardhi yote ina mwenyewe. Kitu ambacho kingekuwa mstari kwenye ramani mwaka 1995 leo ni ugomvi wa majirani, fidia na kesi.

Halmashauri huzaliwa kwa amri

Watu wakishajaa, hoja ya kuwa na halmashauri yao huanza kusikika. Ofisi ziko mbali, diwani anawakilisha kata kubwa kupita kiasi, na fedha zinaonekana kuishia kwenye kata za mjini. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara za 145 na 146, inasema kutakuwa na vyombo vya serikali za mitaa, na kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Jinsi ya kuviunda mijini inaelezwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8 ya mwaka 1982.

Kwa utaratibu wa kawaida pendekezo hupanda kutoka chini. Hujadiliwa katika mikutano ya wakazi, Kamati za Maendeleo za Kata na Baraza la Madiwani, kisha Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa. Kutoka hapo huenda TAMISEMI, ofisi iliyo chini ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Huangaliwa idadi ya watu, ukubwa wa eneo, huduma zilizopo na uwezo wa kujitegemea kwa mapato. Waziri mwenye dhamana akiridhika, halmashauri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa hati ya kuanzishwa. Ngazi ni nne: mamlaka ya mji mdogo, halmashauri ya mji, manispaa, na jiji. Tangu siku ya tangazo halmashauri ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa.

Kumbuka kwamba uamuzi wa mwisho uko juu. Kilichotolewa kwa amri kinaweza kuondolewa kwa amri, na historia ya Dar es Salaam inathibitisha. Mji huu ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ukamchagua Sheikh Kaluta Amri Abedi kuwa meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, na ukawa jiji mwaka 1961. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya na za miji zikavunjwa. Kazi zao zikahamia kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Taka zilirundikana, mitaro ikaziba, barabara zikaharibika, na mwishoni mwa muongo huo kipindupindu kikaingia mijini. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 zikapatiwa sheria kamili. Nchi ilijifunza kwa maumivu kwamba mji hauwezi kufagiwa kutoka wizarani.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena, na Tume ya Jiji ikiongozwa na Charles Keenja ikashika kazi hadi mwaka 2000. Ndipo zikaundwa manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuratibu mambo yaliyovuka mipaka ya manispaa. Ubungo na Kigamboni ziliongezeka baada ya uchaguzi mkuu wa 2015. Februari 24, 2021, Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo hakuna chombo cha kuchaguliwa kinachotazama Dar es Salaam yote kwa pamoja. Uratibu uko kwa uongozi wa mkoa, ambao huteuliwa. Mto Msimbazi na vijito vyake havijui mipaka ya halmashauri, na mafuriko yake huwakumba wakazi wa zaidi ya manispaa moja kwa mvua ile ile.

Siku ya kugawana, jambo zito huwa ni mali. Magari, mitambo, majengo, watumishi na madeni hugawanywa kati ya halmashauri kongwe na changa. Kinondoni ilibaki na Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Msasani na ukanda wa pwani kuelekea Kunduchi, maeneo yenye hoteli, ofisi na biashara kubwa. Ubungo ilichukua kata 14. Upande wa mjini ni Ubungo, Manzese, Sinza, Mabibo, Makuburi, Makurumla na Mburahati. Upande wa pembezoni ni Kimara, Saranga, Mbezi, Msigani, Goba, Kwembe na Kibamba. Makao makuu yakawekwa Luguruni, nje kabisa kwenye Barabara ya Morogoro. Kwa mkazi wa Kwembe huo ulikuwa ukombozi wa nauli, na kwa mkazi wa Manzese ilikuwa safari mpya.

Meya na Mkurugenzi

Ndani ya manispaa kuna mamlaka mbili zinazofanya kazi pamoja, moja ya kuchaguliwa na nyingine ya kuteuliwa. Ukielewa tofauti yake umeelewa nusu ya siasa za halmashauri.

Ya kwanza ni Baraza la Madiwani. Kila kata huchagua diwani mmoja katika uchaguzi mkuu, siku ile ile ya kumchagua Rais na mbunge. Wapo pia madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa eneo hilo ni wajumbe. Kwa Ubungo, majimbo yaliyokuwapo tangu kuanzishwa kwake ni Ubungo na Kibamba. Baraza humchagua Meya kutoka miongoni mwa madiwani kwa kipindi cha miaka mitano, na Naibu Meya kwa mwaka mmoja mmoja. Mkazi hampigii kura Meya moja kwa moja, na kwa sababu hiyo idadi ya wajumbe wenye haki ya kupiga kura ndani ya ukumbi huwa jambo la kufa na kupona kwa vyama. Baada ya uchaguzi mkuu wa 2015, uchaguzi wa Meya wa Jiji la Dar es Salaam uliahirishwa zaidi ya mara moja, hadi Isaya Mwita wa CHADEMA alipochaguliwa Machi 22, 2016.

Baraza kamili hukutana kila robo mwaka, lakini kazi nzito hufanyika kwenye kamati za kudumu. Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo Meya huiongoza, hukutana kila mwezi kupitia mapato na matumizi. Nyingine hushughulikia mipango miji na mazingira, na nyingine uchumi, elimu na afya. Ipo pia ya maadili ya madiwani, na ipo ya kudhibiti UKIMWI. Baraza hupitisha bajeti, hupokea taarifa za utekelezaji, na hutunga sheria ndogo za usafi, masoko, maegesho ya bodaboda au ushuru. Kabla sheria ndogo haijaanza kutumika, wananchi wanapaswa kutangaziwa ili watoe maoni, kisha Waziri huidhinisha na kuichapisha. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa. Anayelisoma na kuandika pingamizi lake kwa wakati ana nguvu kuliko atakayelalamika siku mgambo atakapomkamata.

Mamlaka ya pili ni Mkurugenzi wa Manispaa. Huteuliwa na Rais, na ndiye mtendaji mkuu, katibu wa Baraza na ofisa masuuli wa fedha zote. Chini yake wako wakuu wa idara na vitengo: Mganga Mkuu wa Manispaa, maofisa elimu wa msingi na sekondari, mweka hazina, mhandisi, ofisa mipango, mwanasheria, ofisa maendeleo ya jamii, ofisa usafi na mazingira, mkaguzi wa ndani. Walimu, wauguzi na watendaji wote wa manispaa wanaripoti kwake.

Hapa ndipo mvutano unapozaliwa. Madiwani walioahidi barabara na zahanati wakati wa kampeni hawawezi kusaini hundi hata moja. Mkurugenzi anayesaini hakuomba kura kwa mtu, na Baraza haliwezi kumfukuza. Linaweza kukataa taarifa yake, kuazimia, na kulalamika kwa mamlaka iliyomteua. Mkuu wa Wilaya naye, mteule mwingine wa Rais, si sehemu ya Baraza, ila anaiwakilisha serikali kuu, anaongoza kamati ya usalama ya wilaya, na sauti yake husikika katika kila mradi. Panapokuwa na Meya na Mkurugenzi wanaoheshimiana, mfumo huu unawakinga wananchi: mwanasiasa hawezi kutumia fedha apendavyo, na mtaalamu hawezi kuamua peke yake nini ni muhimu. Wakivutana, miradi inalala na lawama inazunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mtaa ndio mlango

Kwa mkazi wa kawaida manispaa ina sura ya ofisi ndogo ya mtaa, mara nyingi chumba cha kupanga chenye bendera, benchi na ubao wa matangazo. Hapo huchukuliwa barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, kuombea kitambulisho cha NIDA au kumdhamini ndugu aliyewekwa ndani polisi. Hapo husuluhishwa ugomvi wa majirani na kuandikishwa wageni.

Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, katika uchaguzi wa serikali za mitaa unaofanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Mwenyekiti hana mshahara, anategemea posho. Pamoja naye yuko Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mgawanyo ule ule wa juu unajirudia: mmoja amechaguliwa, mwingine ameajiriwa. Kwenye kata, diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa mitaa yote wakiwa wajumbe, na Mtendaji wa Kata akiwa katibu.

Wakazi wengi bado huchanganya mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa nyumba kumi. Wajumbe hao, yaani mabalozi wa nyumba kumi, ni muundo uliojengwa na TANU miaka ya 1960 na kurithiwa na CCM. Wakati wa chama kimoja, chama na serikali vilishikana hata mtu asione mpaka. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama chake na si ngazi ya serikali. Huduma ya serikali haipaswi kupitia kwake wala kutegemea kadi ya chama chochote.

Chombo chenye uzito kuliko vyote katika ngazi hii ni mkutano wa wakazi wa mtaa. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kusema. Hapo mwenyekiti anatakiwa kusoma mapato na matumizi, na hapo vipaumbele vinapaswa kutajwa ili vipande kwenda kwenye kata. Katika mitaa mingi ya pembezoni mikutano hii huhudhuriwa na wazee wachache na wafanyabiashara wa jirani. Walio wengi wameondoka alfajiri kwenda kazini mjini, wanarudi usiku, na Jumapili wanajenga. Mtaa wenye nyumba elfu moja unaamuliwa na watu arobaini. Wajenzi wa pembezoni wanaijua bei ya saruji kuliko jina la mwenyekiti wao, kisha wanashangaa kwa nini barabara yao haimo kwenye mpango.

Fedha zinakotoka, na zinakoondoka

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi na kuisha Juni 30. Kabla Bunge halijaanza kupitisha bajeti, kuanzia Aprili, mapendekezo yanapaswa kuwa yameshapanda kutoka mitaa hadi kata, kamati za kudumu, Baraza, mkoa na TAMISEMI. Maana yake mahitaji ya mwaka ujao huandikwa miezi kadhaa kabla. Anayefika ofisini mwezi Juni na ombi la kalavati amechelewa mwaka mzima.

Mfuko wa manispaa una vyanzo vitatu. Kwanza ni fedha za serikali kuu, hasa mishahara ya walimu na watumishi wa afya, ambayo ni sehemu kubwa ya bajeti na haiguswi kwa jambo jingine. Pili ni ruzuku na miradi ya maendeleo, ikiwemo ya wafadhili. Mradi wa Uendelezaji Jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ndio uliojenga barabara nyingi za lami za mitaani na mitaro ambayo halmashauri zisingeweza kuigharamia. Tatu ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ghafi ya biashara, leseni, ushuru wa masoko na vituo vya daladala, vibali vya ujenzi, ada za taka.

Mapato ya ndani ndiyo yanayoipa halmashauri uhuru wa kuamua. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili mfumo wa kuitoa na kuirejesha urekebishwe, kisha ikarejea mwaka 2024. Lakini chanzo ambacho katika nchi nyingi ndicho mhimili wa serikali za miji, kodi ya majengo, kilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 hukatwa mkazi anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo ni kweli. Ila mwenye nyumba wa Mbezi hauoni uhusiano kati ya anachokatwa na mtaro ulio mbele ya geti lake, na manispaa imepoteza sababu ya kumwandikisha, kumjua na kumjibu. Manispaa ya makazi kama Ubungo, yenye nyumba nyingi na kampuni kubwa chache, iliumizwa na uamuzi huo kuliko zile zenye viwanda na hoteli.

Barabara moja, wenyewe wengi

Kazi nazo zimegawanyika. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa njia nane hadi Kibaha, na manispaa haikuwa na uwezo wa kuzuia. Barabara za mitaani tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji na majitaka ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO, na zimamoto ni jeshi lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Manispaa imebaki na shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, vituo vya afya na hospitali yake, masoko, taka, vibali vya ujenzi, ustawi wa jamii na mikopo ya vikundi.

Kwa hiyo diwani wa Goba anaulizwa kila siku kuhusu barabara ambayo si yake, bomba ambalo si lake na nguzo ambayo si yake. Yeye anaweza kuita wakala kwenye kikao na kuuliza, lakini hawezi kuagiza. Utaalamu wa wakala hizi una faida: barabara hazisimami kwa sababu madiwani wamegombana, na mhandisi hapangiwi na mwanasiasa kata ya kuanzia. Hasara yake ni kwamba mtu aliyechaguliwa na wananchi na mtu mwenye fedha za kazi si watu wanaowajibika mahali pamoja. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa hutoka kila mwaka, na kila halmashauri hukaguliwa. Ni vyema mkazi aisome sehemu inayoihusu manispaa yake, kwa sababu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo hesabu zote hukutana.

Serikali itangulie

Tulichokiona Ubungo kinatokea pia kuelekea Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, ambako jiji linamwagikia sasa. Mashamba yanakatwa robo ekari, vijiji vinasubiri kuitwa mitaa, na halmashauri za huko zina maofisa ardhi wachache mbele ya wanunuzi wengi. Bado muda upo wa kufanya kinyume cha tulivyozoea.

Mambo matatu yanawezekana bila kubadili Katiba. La kwanza, kabla kijiji kinachonyemelewa na jiji hakijawa mtaa, barabara kuu, eneo la shule, zahanati, soko na mikondo ya maji vipimwe na kuwekewa alama, hata kama viwanja binafsi vitasubiri. Hayo machache ndiyo yasiyoweza kununuliwa tena. La pili, sehemu ya kodi ya majengo irudi kwa kiwango kinachojulikana kwenye halmashauri ilikokusanywa, na itangazwe mtaa kwa mtaa. La tatu, TARURA na DAWASA ziwajibike kusoma mpango wao wa mwaka mbele ya Baraza la Madiwani, kwa majina ya barabara na mabomba, kabla bajeti haijafungwa.

Nawe msomaji unayejenga pembezoni una sehemu yako. Kabla ya kulipia kiwanja, nenda kwa ofisa mipango miji wa halmashauri uulize ramani ya eneo hilo inasemaje, na usitosheke na muhuri wa mtaa. Ukishahamia, mfahamu mwenyekiti wako, diwani wako na Mtendaji wa Kata. Hudhuria mkutano wa mtaa kabla ya msimu wa bajeti, na udai kusomewa mapato na matumizi. Shika nakala ya muhtasari ulioandikwa jina la barabara yenu. Manispaa huundwa kwa amri ya Waziri, lakini huendeshwa kwa ajili ya wale waliofika kwenye kikao.